Habari za Mwana wa Mtemi wa Butiama

Somo la mwezi huu ni habari za mtu aliyezaliwa katika nyumba ya enzi, kisha akawa mtawala wa nchi nzima. Sikwenda mbali kumtafuta, maana ni mtu wa hapa Mara, Julius Kambarage Nyerere wa Butiama. Sifa zake mmezisikia mara nyingi, hata watoto wa shule wazijua. Mimi nataka tutazame jambo moja tu, yaani alikifanyia nini kile kiti alichozaliwa karibu nacho.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika usharika mmoja nilioutumikia zamani, mzee mwenye heshima nyingi alinijia jioni, akasema, “Mchungaji, nimechoka sasa. Nataka kiti changu katika baraza la wazee apewe mwanangu wa kwanza.” Nikamwambia, “Baba, kiti hicho ni cha usharika.” Akacheka kidogo, akajibu, “Mchungaji, wewe bado kijana. Hapa kwetu kila kiti kina mwenyewe.” Usiku ule sikuwa na neno la kumjibu. Asubuhi nikakumbuka Butiama.

Mtu atokaye Bunda kwa njia kuu ya kwenda Musoma hufika Makutano. Hapo njia ya Musoma hushika kushoto kuelekea ziwani, na njia ya Butiama hushika kuume kuelekea vilimani. Ndiyo nchi ya Wazanaki. Watu hawa tangu kale hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Kila sehemu ilikuwa na wazee wake na wajuzi wake wa mvua, na mashauri yaliamuliwa barazani. Utemi tunaousikia katika habari za nyumba hii ulipata nguvu hasa kwa mkono wa Serikali za kigeni, kwanza Wadachi, kisha Waingereza, ambao walitaka mtu mmoja wa kuamrishwa, akusanye kodi na kutoa watu wa kazi. Neno hili tulishike vema, maana wengi hudhani ya kuwa kila kiti cha utemi ni cha tangu milele.

Nyerere Burito alizaliwa yapata mwaka wa 1860. Jina lake Nyerere maana yake ni viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoila nchi. Wadachi walimweka awe mtemi mwaka wa 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vinapiganwa. Waingereza walipoitwaa nchi walimwacha kitini, akakaa hata alipofariki mwaka wa 1942. Alikuwa na wake 22. Wa tano alikuwa Mugaya wa Nyang'ombe, naye ndiye aliyemzaa mtoto mwanamume tarehe 13 Aprili 1922. Siku ile mvua ilinyesha sana, na mtoto akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua.

Tusidhani ya kuwa mtoto huyu alilelewa kwa anasa. Katika nyumba yenye wake wengi namna ile, kila mama alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na watoto wake walikula jasho la mama yao. Kambarage alichunga mbuzi, akalima, akachongwa meno kwa desturi ya Wazanaki kama vijana wengine. Lakini aliketi pia karibu na wazee waliokuja kwa baba yake kushauriana, akasikia jinsi neno linavyozungushwa mpaka wote wapatane. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alilitaja jambo hili la wazee kuketi chini ya mti na kusema hata wakubaliane, akalifanya msingi wa mawazo yake mengi. Husimuliwa pia ya kuwa alikuwa hodari wa bao, na ya kuwa mtemi wa Ikizu, rafiki ya baba yake, alipomwona akicheza alimshauri mzee Burito amtie mtoto huyu shuleni. Nchi ya Ikizu leo imo katika wilaya ya Bunda. Basi mwaka wa 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alikwenda shule ya Mwisenge mjini Musoma, safari ya siku nzima kwa miguu.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka wa 1937. Hapa yatupasa kusimama kidogo. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa hasa kwa ajili ya wana wa watemi. Gavana Donald Cameron, aliyekuja Tanganyika mwaka wa 1925, alitaka kuitawala nchi kwa mkono wa watemi wenyewe, na kwa hiyo Waingereza walitaka wana wa watemi wafundishwe kusoma, kuandika na kuamuru kama waamuruvyo mabwana wa kwao. Mwana wa mtemi wa Butiama akaingia katika shule hiyo. Akafundishwa mambo ya enzi na watu waliotumaini ya kuwa enzi itakaa mikononi mwa watu wa nasaba yake.

Mwaka wa 1942 mzee Burito akafariki, Kambarage akiwa kijana wa karibu miaka 20. Kiti hakikumwendea yeye. Kilimwendea ndugu yake wa mama mwingine, Wanzagi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Chifu Edward Wanzagi. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, Kambarage alibatizwa katika misioni ya Kanisa la Roma huko Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius. Sisi tulio Walutheri twamtaja bila wivu, na misioni ile majirani zetu wote waijua.

Miaka ya masomo yake naipita upesi. Makerere mpaka 1945, kisha kazi ya ualimu Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria; Edinburgh kutoka 1949 mpaka 1952; mwezi wa Januari 1953 akamwoa Maria Waningu Magige, Msimbiti wa huko kaskazini mwa mto Mara; kisha ualimu tena huko Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaanzishwa, naye akiwa rais wake. Mwaka wa 1955 alikwenda New York kunena mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akaiacha kazi ya ualimu, kwa kuwa ilimpasa kuchagua siasa au darasa. Hakuwa na mshahara tena. Akarudi kwao Butiama akakaa miezi kadhaa, akamfundisha padre mmoja wa misioni lugha ya Kizanaki. Mtu wa shahada ya Edinburgh, mwana wa mtemi, akifundisha mgeni maneno ya nyumbani kwa mama yake ili apate riziki! Jambo hili halisimuliwi sana, nami nalipenda kuliko mengi yasimuliwayo.

Sasa twafika kwenye kiti. Waingereza walipoona TANU inakua, waliwakumbuka watemi. Tangu mwaka wa 1945 walikuwa wamekwisha waweka watemi wawili katika Baraza la Kutunga Sheria, Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Usukuma. Mwaka wa 1957 Gavana Edward Twining akafanya Mkutano wa Machifu wa nchi nzima, akitumaini ya kuwa sauti yao itaizidi sauti ya chama. Hakufaulu. Watemi wengine walikuwa wamesoma pamoja na Nyerere, na wengine walijua ya kuwa watu wao wamekwisha nunua kadi za TANU. Mtemi aliyeambiwa akusanye kodi, akataze kilimo kibaya na kuwatoza watu faini, kwa muda mrefu alikuwa amelibeba lawama la Serikali. Hakuwa tena na watu wa kumsimamia.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri, na Nyerere akawa Rais. Mwaka wa 1963 sheria ya utemi ikafutwa, na kazi ya watemi katika utawala ikakoma nchi nzima. Katika wale waliovuliwa kiti alikuwamo Wanzagi wa Butiama. Fikirini, wasomaji. Mkono uliofuta kiti ulikuwa mkono wa mwana wa nyumba ile ile.

Wako wasemao ya kuwa ilikuwa rahisi kwake, kwa sababu alikuwa amepata kiti kikubwa zaidi. Sikatai kwamba neno hilo lina nguvu. Lakini tazama majirani. Katika Rwanda mfalme aliondolewa baada ya machafuko yaliyoanza mwaka wa 1959, na watu wengi wakauawa au kukimbia. Katika Buganda mwaka wa 1966 jeshi la Serikali lililishambulia jumba la Kabaka Mutesa, naye akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka wa 1969. Kwetu watemi walirudi nyumbani kwao, na aliyekuwa na elimu au busara alipewa kazi nyingine. Adam Sapi Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge miaka mingi. Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri wa sheria wa kwanza. Walikaa katika kazi hizo kwa majina yao wenyewe. Nadhani jambo hili liliwezekana kwa sababu aliyewavua alikuwa mwenzao, aliyejua desturi za nyumba zao, wala hakuwatukana. Pia, kama nilivyosema, huku kwetu kiti chenyewe kilikuwa kimetengenezwa na mgeni kwa sehemu kubwa, na seremala akiisha kuondoka ni rahisi kuona misumari.

Nilipofika hapa katika kumsimulia mzee wangu, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali jema kuliko yote, “Basi alipoondoa watemi, nani aliketi mahali pao?”

Walioketi ni wakuu wa wilaya na wa mikoa, watu wa chama. Tangu 1965 chama kilikuwa kimoja tu kwa sheria. Tangu 1962 kulikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu, na watu waliwekwa. Mtemi wa zamani aliweza kuonywa na wazee wa baraza lake. Mkuu wa wilaya aliletwa kutoka mbali, akahamishwa kwenda mbali, na wazee wa Bunda au wa Musoma hawakuwa na njia ya kumwonya. Jambo hili lilionekana wazi mwezi wa Novemba 1973, ilipotolewa amri ya kuwa watu wote wahamie katika vijiji kabla ya kwisha mwaka wa 1976. Hapo kwanza watu walishawishiwa kwa maneno. Sasa walihamishwa kwa nguvu, huku Mara na kwingineko. Nyumba zilibomolewa, na mashamba yenye mbolea ya mazizi yakaachwa. Yule aliyejifunza chini ya mti kwamba neno huzungushwa mpaka wote wapatane, siku ile hakungoja wapatane. Siwezi kuficha jambo hili, wala sidhani angetaka nilifiche. Mwaka wa 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi ya kuwa nchi haijafika ilikokusudia. Na mwaka wa 1984 alikiri mbele ya watu ya kuwa kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika vya wakulima kulikuwa kosa.

Mwaka wa 1974, mwezi wa Novemba, halmashauri ya chama ilikutana hapa Musoma. Hapo likatoka Azimio la Musoma, ya kuwa kila mtoto apate shule ya msingi ifikapo mwaka wa 1977. Mimi ni mmoja wa waliozaliwa baadaye na kula matunda yake; baba yangu hakuwa mtemi wala karani. Ni kweli madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengine walifundisha wakiwa hawajamaliza mafunzo yao. Ni kweli pia ya kuwa shule zetu za misioni zilikuwa zimetwaliwa na Serikali kwa sheria ya mwaka wa 1969, na wako wazee wa kanisa waliosikitika mpaka kufa kwao. Lakini yule mtoto aliyeingia Tabora, katika shule ya wana wa watemi, alikuja katika mji ule ule alioanza kusoma, na hapo ikakatwa shauri ya kuwa mwana wa mchunga mbuzi yeyote aingie darasani.

Sasa juu ya mali. Hapa nawaomba tuvuke bahari, tutazame mwana mwingine wa nyumba ya enzi, tupate kupima. Denmark ni nchi iliyopokea mafundisho ya Luther mwaka wa 1536. Siku zile mabwana wa nasaba walikuwa na nguvu nyingi. Walikaa katika Baraza la Ufalme pamoja na mfalme, wala hawakulipa kodi kama wakulima. Mmoja wao aliitwa Corfitz Ulfeldt, aliyezaliwa mwaka wa 1606, mwana wa Chansela wa ufalme. Mwaka wa 1636 alimwoa Leonora Christina, binti ya Mfalme Christian wa Nne, na mwaka wa 1643 akafanywa mkuu wa shughuli zote za ufalme, chini ya mfalme tu. Alikuwa mwenye akili na elimu. Lakini hazina ya ufalme ilipopungua, mali yake mwenyewe iliongezeka, na mfalme mpya alipoanza kuuliza hesabu, mwaka wa 1651 aliikimbia nchi. Baadaye akaja pamoja na mfalme wa Sweden aliyeipiga vita nchi yake, na mwaka wa 1658 akaketi upande wa adui katika mapatano yaliyoinyang'anya Denmark nchi nyingi. Akahukumiwa kufa mwaka wa 1663, akafa katika kukimbia mwaka wa 1664. Nyumba yake mjini Copenhagen ilibomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya aibu. Mkewe alifungwa gerezani miaka 22. Na katikati ya mambo haya, mwaka wa 1660, mabwana wote wa Denmark walipoteza haki yao ya kumchagua mfalme, kwa kuwa watu wa miji na wachungaji walikuwa wamechoka nao.

Nyerere alitawala miaka mingi kuliko Ulfeldt, tena hapakuwa na mfalme wa kumwuliza hesabu. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakasema ya kuwa wakubwa wanajilipa mishahara minono. Aliwakasirikia, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini saa ile ile akaukata mshahara wake mwenyewe sehemu moja katika tano, na ya wakubwa wenzake vivyo hivyo. Mwaka wa 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupangisha nyumba, kuwa na hisa katika makampuni, na kupokea mishahara miwili. Mama Maria, aliyekuwa na mradi wa kufuga kuku, akauacha. Wako viongozi waliolichukia Azimio hilo kwa kimya, na yaliyofuata baadaye yalionyesha walivyolichukia.

Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli, akawauliza ni nani aliyenyang'anywa ng'ombe au punda, na hakutokea mtu. Wengi hukumbuka hayo. Ni wachache wakumbukao ya kuwa Samweli huyo huyo alikuwa amewaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa, na kwa sababu yao watu wakadai mfalme. Habari hii nilimsomea mzee wangu polepole, nikaifunga Biblia bila kuongeza neno.

Nyerere aliondoka katika urais mwezi wa Novemba 1985, bila vita wala kura ya kumtoa. Aliyeshika mahali pake ni Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu kutoka Zanzibar, asiye wa ukoo wake wala wa kabila lake. Ni kweli ndugu yake mdogo, Joseph, alikuwa amepata kuwa mbunge. Na mwanawe Makongoro aliingia Bungeni mwaka wa 1995, lakini aliingia kwa kura za watu wa Arusha, tena kwa chama cha upinzani, si kwa chama cha baba yake.

Mzee mwenyewe alirudi Butiama akalima. Alikuwa mpenzi wa lugha tangu ujana. Alikuwa amekwisha kuitafsiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili, na sasa akazigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka wa 1996 katika vitabu vitano. Mchungaji asiyezijua azitafute, hata kama hakubaliani na kila beti. Wanaosafiri kwenda Butiama huonyeshwa pale Mwitongo boma la baba yake.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali ya St Thomas'. Nilikuwa mwanafunzi bado. Nakumbuka redio ikipiga nyimbo za maombolezo mchana kutwa, na mwalimu wetu akatoka nje akasimama chini ya mwembe asiweze kufundisha. Tarehe 23 Oktoba akazikwa Mwitongo, karibu na makaburi ya mtemi Burito na Mugaya, aliyefariki miaka miwili tu kabla ya mwanawe.